Gari la Mtumba Lina Bei Mbili

Oktoba iliyopita, wakati wenzangu wa mwaka wa tatu wanapanga foleni ya usajili, mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi la mbao katika gereji moja ya Tabata, naitazama ada yangu ikiwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gunia. Siongezi chumvi. Nilikuwa nimepungukiwa shilingi 410,000 ili nimalize kujisajili, na hizo hela zilikuwepo. Zilikuwepo kwa mfumo wa silinda hedi, bolti kumi, rejeta iliyotoboka na fundi mzee aliyekuwa ananiambia, "Mwalimu, sogeza mguu, utachafuka."

Nasoma ualimu, hisabati na fizikia. Ufundi wa magari siujui, na nikikabidhiwa spana mtu atachanika kidole. Ila tangu mama anunue gari, mimi ndiye karani wake. Kila risiti inapigwa picha, inatumwa kwangu, naiandika kwenye daftari. Leo nalifungua hilo daftari mbele yako, ndugu msomaji, kwa sababu najua wengi wetu hapa tuko njia moja. Kuna ambao nyumbani wamenunua gari la biashara ili litulipie ada. Na kuna ambao tukishapata ajira tu, mshahara wa kwanza haujakauka, tutaanza kuulizia "kagari ka kutembelea". Tutauliza bei ya kununua. Bei ya pili hatutaiuliza, na yenyewe ndiyo inayoua.

Gari lenyewe

Ni Toyota Corolla ya kizazi cha tisa, ile ambayo mafundi hawaiiti Corolla, wanaiita kwa namba ya chesisi: NZE121. Injini yake ni 1NZ-FE, silinda nne, cc 1,496, gia otomatiki. Mama aliinunua Machi kwa shilingi 7,200,000. Nusu ilikuwa akiba ya mgahawa wake, nusu mkopo wa kikoba. Mpango ulikuwa mwepesi: kaka yangu aendeshe teksi ya mtandaoni, mama arudishe hela za kikoba, na kinachobaki kijazie ile sehemu ya ada yangu ambayo mkopo wa chuo haiifikii.

Muuzaji alisema maneno ambayo kila aliyewahi kutafuta gari Dar es Salaam ameyasikia: "Gari halidai. Kuwasha na kuondoka."

Kuichagua Corolla hatukukosea. Injini hiyo hiyo imefungwa kwenye IST, Probox, Premio na Allion za cc 1,500, kwa hiyo fundi anayeijua hukosi na spea zake hukosi, iwe mpya au za mtumba kutoka Japani. Tena haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha kila baada ya kilomita kadhaa, ina mnyororo. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba shilingi 7,200,000 ndiyo bei ya gari. Ile ilikuwa bei ya kulipata. Bei ya kuwa nalo inaanza siku ya pili.

Kwenye daftari nimegawa matatizo katika makundi matatu. Mgawanyo huu sikuutoa kitabuni, niliutoa kwenye risiti.

Kundi la kwanza: vitu vinavyoisha

Hivi siyo ubovu. Ni kama chaki darasani, inaisha kwa sababu inatumika. Oili, filta, plagi, pedi za breki, matairi.

Fundi wetu alituambia jambo ambalo sasa nawaambia wote: ukinunua gari lililotumika, usiamini maneno ya muuzaji kuhusu lini alimwaga oili. Anza upya, halafu hesabu kilomita zako mwenyewe. Huduma ya kwanza ilitugharimu hivi: oili dumu la lita 4, shilingi 52,000 (injini hii inachukua karibu lita 3.7 pamoja na filta, kwa hiyo dumu linatosha), filta ya oili 8,000, filta ya hewa 15,000, plagi nne 48,000, haidroliki ya gia 60,000, ufundi 25,000. Jumla 208,000.

Baada ya hapo kaka alimwaga oili kila kilomita 5,000. Teksi inakimbia sana, kwa hiyo hiyo ni kama kila wiki tano au sita. Kila mara shilingi 67,000 pamoja na filta na ufundi. Inauma, lakini ule mnyororo niliousifu hapo juu unaishi kwa oili. Oili ikiwa chafu au pungufu, mnyororo na kifaa kinachoukaza vinachakaa, na asubuhi ukiwasha unasikia injini inachakarisha kama mtu anatikisa kopo lenye misumari.

Pedi za mbele tulibadilisha mara moja, 38,000 na ufundi 10,000. Pedi ikikaribia kuisha inakuambia yenyewe, inapiga kelele nyembamba ya chuma kila ukikanyaga breki. Ukijifanya hujasikia, chuma cha pedi kinaanza kula disiki, na sasa unanunua vitu viwili badala ya kimoja.

Naomba ulishike neno hilo, viwili badala ya kimoja, maana litarudi.

Kundi la pili: chini ya gari

Barabara zetu unazijua. Njia kuu ni lami, ila abiria haishi kwenye lami. Anaishi ndani, mtaa wa tatu kushoto, baada ya dimbwi. Kwa hiyo Mei, miezi miwili tu baada ya kununua, gari lilianza kugonga mbele. Ko-ko-ko kila tuta.

Hapa kuna familia nzima ya vifaa: shokapu, bushi za ami za chini, boljointi, vijiti vya stebiliza, tairodi, beringi. Kila kimoja kina sauti yake na mafundi wazoefu wanazijua kama mama anavyojua kilio cha mwanae. Mgongano mkavu kwenye mashimo madogo mara nyingi ni vijiti vya stebiliza au bushi. Gari linaloyumba na kudunda mara mbili tatu baada ya tuta, shokapu zimechoka. Mlio wa ta-ta-ta ukikata kona usukani ukiwa umezungushwa mpaka mwisho, hiyo ni jointi ya driveshafti. Mngurumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, kama ndege iko mbali, angalia beringi ya tairi.

Ya kwetu ilikuwa hivi: shokapu mbili za mbele za mtumba 160,000, vijiti viwili vya stebiliza 36,000, bushi nne 48,000, boljointi mbili 44,000, ufundi 40,000, na mwisho kupima tairi, yaani wili alaimenti, 20,000. Jumla 348,000. Kaka alitaka kuruka ile 20,000 ya mwisho. Fundi akakataa. Ukishafungua miguu ya mbele ya gari bila kupima upya, matairi yanaweza kuliwa upande mmoja, na jozi moja ya matairi inazidi hiyo 20,000 mara nyingi.

Mpira unaofunika jointi ya driveshafti nao una hadithi ya namna hiyo. Ukichanika, grisi inatoka, mchanga unaingia, na jointi inakwisha. Mpira ni wa bei ndogo. Driveshafti siyo.

Mpaka hapo, wenzangu, hakuna kilichotutisha. Gari linaingiza, gari linakula, linabakiza. Mama alikuwa anarudisha kikoba kwa wakati.

Kundi la tatu: maji

Agosti, fundi aliyekuwa anamwaga oili alishika mpira wa juu wa rejeta, ule mnene unaotoka kwenye injini, akauminya. Ulikuwa laini kama embe bivu, na kwenye maungio umeanza kuchanika. Akamwambia kaka, "Huu mpira umechoka. Elfu kumi na nane, usiende nao mbali."

Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa Kilosa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nilimpigia kaka. Nilikuwa nataka manila, kalamu za rangi na nauli ya kwenda kijijini na kurudi. Nilimwambia, "Kaka, nisaidie hata elfu ishirini." Akanitumia jioni ile ile na meseji: "Fundisha vizuri mdogo wangu."

Sikujua ni elfu ishirini ipi. Nilikuja kujua baadaye, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika daftari, na kwenye tarehe ile pameandikwa ushauri wa fundi, halafu hakuna risiti.

Sasa niruhusu nifundishe kidogo, maana hii ndiyo fizikia tunayoisoma na kuiacha kwenye karatasi ya mtihani. Maji yanachemka kwa nyuzi 100 yakiwa wazi. Kwenye gari hayako wazi. Kifuniko cha rejeta kina springi inayoshikilia mgandamizo ndani, na mgandamizo ukipanda, kiwango cha kuchemka nacho kinapanda, kinaweza kufika karibu na nyuzi 120. Ukiweka kolanti badala ya maji ya bomba, kinapanda zaidi, na pia chuma cha ndani hakishiki kutu. Themostati inakaa imefunga mpaka injini ipate moto, kisha karibu na nyuzi 82 inaanza kufungua ili maji yaende kupoa kwenye rejeta. Feni inavuta hewa gari likiwa kwenye foleni. Mfumo mzima unategemea kitu kimoja: usivuje. Mpira ukipasuka, mgandamizo unapotea papo hapo, maji yaliyokuwa yametulia yanachemka yote kwa mpigo, na injini inabaki inawaka moto bila mtu wa kuipoza.

Mpira ulipasuka Septemba, jioni, barabara ya Morogoro, kwenye foleni ya kupanda Kimara. Kaka ana abiria nyuma. Mshale wa joto ukapanda kupita katikati. Anasema alijua kabisa anatakiwa kusimama. Ila abiria alikuwa amebakiza kilomita tatu, na ile safari ilikuwa ya shilingi 14,000.

Akaendelea. Alipofika, mvuke ulikuwa unatoka kwenye boneti. Akafanya kosa la pili kwa nia njema: akaomba ndoo ya maji ya baridi kwenye genge, akamimina kwenye injini iliyowaka.

Silinda hedi ya injini hii ni ya aluminiamu. Aluminiamu ikipata moto kupita kiasi inapinda, na ukiipoza ghafla inaweza hata kupasuka. Kati ya hedi na bloki kuna gasketi, karatasi ya chuma inayotenganisha njia za moto, za oili na za maji. Hedi ikipinda hata kidogo ambacho jicho halioni, gasketi haikai sawa, na hao watatu wanaanza kutembeleana.

Gereji ya barabarani walikata kipande cha mpira kilichopasuka, wakafunga upya, wakajaza maji. Gari likawaka. Kaka akashukuru Mungu, akalala.

Fundi anayepima na fundi anayebahatisha

Wiki moja baadaye gari likaanza kumisi asubuhi. Ukiwasha linatetemeka, silinda moja haichomi, baada ya dakika mbili linatulia. Na maji yakawa yanapungua bila kuonekana yanakovujia.

Fundi wa kwanza (gereji siitaji) alisikiliza nusu dakika, akasema plagi. Plagi nne, 48,000, na zile za Machi zilikuwa bado nzima. Likamisi tena. Akasema koili. Koili ya mtumba, 40,000. Ufundi 15,000. Likamisi tena. Ndipo akasema, "Injini imekufa hii, tafuta nyingine ya mtumba, kama milioni moja na laki nne." Mama aliposikia hivyo alikaa chini kwenye ngazi ya mgahawa na aproni yake, hakusema kitu. Kaka anasema afadhali angegomba.

Aliyetuokoa ni mteja mmoja wa mama, aliyesema kuna mzee Tabata, nendeni kabla hamjanunua injini. Mimi nilikuwa nimerudi kutoka Kilosa, nikaenda na kaka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Gari lina nini?"

Kaka akaanza kueleza: koili, plagi, injini imekufa. Mzee akamkatiza kwa upole. "Mwanangu, sijauliza umebadilisha nini. Nimeuliza lina nini."

Akatuambia tuliache lilale hapo. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, akafungua kifuniko cha rejeta, akajaza maji mpaka juu, akamwambia kaka awashe. Akatuita tuangalie. Mapovu yalikuwa yanapanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta, kama sufuria ya uji, wakati maji yenyewe bado ni ya baridi. Akazima. Akachomoa plagi moja moja, akatuonyesha ya silinda ya pili: imeloa, safi kuliko wenzake, imeoshwa. Akapima mgandamizo wa kila silinda kwa geji. Silinda ya pili ilikuwa chini.

"Haya mapovu ni moshi wa silinda unaingia kwenye maji," akasema. "Usiku gari likilala, maji yanaingia kwenye silinda. Asubuhi mnawasha silinda iliyojaa maji, lazima imisi. Koili yenu ilikuwa nzima. Plagi zenu zilikuwa nzima. Gasketi imeungua na hedi imepinda. Injini haijafa."

Kazi yote hiyo ilimchukua kama dakika arobaini. Hakununua kitu chochote kujua ugonjwa.

Nilisimama pale nikaona aibu, na aibu yenyewe haikuwa ya gari. Kule Kilosa nilikuwa na Kidato cha Pili ambao walikuwa wanashindwa milinganyo. Nilifundisha mada ile mara mbili. Mara ya pili ndiyo nilitumia zile manila na kalamu za rangi, chati nzuri kweli, mwalimu msimamizi alizisifu. Wakashindwa tena. Nikaandika kwenye ripoti kwamba wanafunzi hawana bidii. Wiki ya mwisho, kwa bahati tu, nikamwomba binti mmoja afanye swali ubaoni huku anaongea kwa sauti, na nikagundua milinganyo anaielewa vizuri. Asichokijua ni namba hasi. Alikuwa anatoa tano kwenye tatu anapata mbili. Nikawauliza wengine watano. Wanne walikuwa hivyo hivyo.

Yaani mimi nilikuwa nabadilisha plagi. Na nilipoona hazifanyi kazi nikasema injini imekufa.

Kwenye somo letu la upimaji tunaambiwa kuna upimaji wa kutafuta tatizo kabla ya kufundisha, na tunaukariri kwa ajili ya mtihani. Mzee wa Tabata hajasoma somo hilo. Anaishi kwa hilo somo. Fundi anayebahatisha anajifunza kwa hela yako, na mwalimu anayebahatisha anajifunza kwa miaka ya mtoto wa mtu.

Hesabu

Matengenezo yalikuwa haya, kama yalivyo daftarini: seti ya gasketi 110,000, kuchonga hedi kwa mashine ili inyooke 60,000, bolti za hedi 45,000, rejeta mpya, maana ya zamani ilikuwa imetoboka na kuziba, 160,000, mipira miwili ya rejeta 36,000, kifuniko 10,000, themostati 25,000, kolanti 30,000, oili na filta 60,000, ufundi 180,000. Jumla 716,000.

Ongeza 103,000 za kubahatisha. Inakuwa 819,000. Chanzo chake ni mpira wa 18,000. Gawanya mwenyewe: ni zaidi ya mara 45. Na bado sijahesabu siku 19 ambazo gari lilikaa bila kuingiza kitu. Kwa wastani wa 35,000 anazobaki nazo kaka baada ya mafuta, hiyo ni 665,000 nyingine.

Hapo ndipo 410,000 yangu ilipoyeyukia. Mama alirudi kikoba kukopa mara ya pili, nikajisajili siku ya mwisho.

Kwa miezi tisa, Machi mpaka Novemba, jumla ya gereji ilikuwa hivi:

Huduma ya kwanza: 208,000
Kumwaga oili mara tano: 335,000
Pedi za breki: 48,000
Chini ya gari: 348,000
Kubahatisha: 103,000
Injini kuchemsha: 716,000
Jumla: 1,758,000

Hiyo ni karibu robo ya bei ya gari, bila matairi, bila bima, bila mafuta. Bei zenyewe ni zetu, za Dar es Salaam, za mwaka huo. Kwako zinaweza kupanda au kushuka. Kinachofaa kukaa kichwani ni uwiano.

Sasa toa 819,000 za maji. Zinabaki 939,000. Gawa kwa miezi tisa, unapata kama 104,000 kwa mwezi. Gawa tena kwa siku 26 za kazi, unapata kama 4,000 kwa siku. Hiyo ndiyo bei ya pili ya gari letu, bei yake ya haki, gari likiwa zima na likitunzwa. Hakuna siku kaka alikosa 4,000. Hatukuitenga tu, kwa sababu hatukujua ipo.

Kabla hujanunua

Haya ni machache ambayo mzee alinifundisha nikiwa kwenye lile benchi, na unaweza kuyafanya hata kama hujui spana.

Nenda asubuhi, na mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kilitaka kufichwa. Injini iliyopashwa moto huficha kumisi na kuchakarisha.

Likiwa bado baridi, fungua kifuniko cha rejeta na cha oili. Kwenye rejeta tafuta kolanti safi. Ukikuta maji ya kutu au mafuta yanaelea, ondoka. Chini ya kifuniko cha oili ukikuta uji mweupe kama chai ya maziwa, maji na oili vinaonana. Likiwa la moto usiguse kabisa kifuniko cha rejeta, kitakuunguza uso.

Zungusha ufunguo bila kuwasha injini, tazama dashibodi. Taa ya injini lazima iwake, kisha izime baada ya injini kuwaka. Ikibaki inawaka, kuna tatizo. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameizima ili usilione tatizo.

Kanyaga breki, toa gia kwenye P weka R, kisha D. Gari likichelewa au likishtuka kwa nguvu, gia inaumwa. Likitetemeka likiwa D umekanyaga breki, mara nyingi ni mauntini za injini.

Liendeshe angalau dakika ishirini, lipite kwenye foleni na kwenye mlima. Mshale wa joto ukishafika mahali pake usisogee.

Usisome umri wa gari kwenye pleti. Namba C au D inakuambia lilisajiliwa lini Tanzania, siyo lilitengenezwa lini. Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho; kwa kawaida chini kuna lebo yenye tarehe ya mkanda, na mkanda huwa haupishani sana na gari.

Peleka fundi wako, siyo wa muuzaji, na umlipe kwa kupima. Na ukipima kwa kompyuta, elewa kwamba namba ya kosa inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. Bado mtu lazima abishe hodi mlango kwa mlango.

La mwisho siyo la fundi, ni langu. Baada ya bei ya gari, bakiza angalau laki tatu kwa ajili ya huduma ya kwanza. Kama huna, gari hilo bado hujalifikia.

Kibubu

Siku hizi kwenye mgahawa wa mama, juu ya kabati la vyombo, kuna kopo la maziwa lililotobolewa juu. Kaka akirudi usiku anatumbukiza 5,000 kabla hajala. Ni elfu moja zaidi ya ile hesabu yangu, mama alisema elfu moja ni ya matairi. Kuna sheria moja: kopo hilo halikopeshi. Haliwapi mama na wateja wake, halimpi kaka, na halinipi mimi.

Nilimwambia kaka kwamba nimeona ile tarehe daftarini, siku ile ya mpira na zile elfu ishirini. Tulikuwa tunaosha gari. Akasema, "Ungekuwa wewe ungenipa." Nikamwambia ningempa. Akasema basi. Akaendelea kuosha.

Muhula huu nina TP ya mwisho. Manila nimenunua mwenyewe, kwa hela ya kufundisha twisheni. Ila siku ya kwanza darasani sitatundika chati yoyote. Nitawapa swali moja dogo la namba hasi, nitamwita mmoja ubaoni, nitamwomba afanye huku anaongea, na mimi nitakaa nyuma nisikilize.